Chakula cha Gaju

Kimironko, Jumamosi alasiri

Keza mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako, umesema utarudi kabla giza halijaingia. Basi ninazo saa mbili, labda tatu. Mambo ya nguo za baridi, makaratasi ya mpaka pale Rusumo na namba za watu wa Dodoma tumekwisha kuyasema, na yaliyobaki utajifunza kwa kukosea. Ninalokuandikia ni jambo jingine. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyonikuza kule Ngara, na Kinyarwanda changu mpaka leo kinakuchekesha. Sitaki ucheke mahali pasipo na cha kuchekesha.

Jana ulipokuwa unakunja mashuka ulisema kwamba ukishapata chumba huko utatafuta paka. Nakumbuka neno kwa neno: "Nitampikia mwenyewe, Mama, kama ulivyokuwa unampikia Gaju. Sitamlisha vile vyakula vya mifuko." Kisha ukanikumbatia. Nikasema ni vizuri, nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Nguo zilikuwa bado mbichi.

Keza, chakula cha mfuko hakikumpofusha Gaju. Mimi ndiye niliyempofusha, na nilijua. Labda si tangu siku ya kwanza, lakini nilijua mapema kuliko nilivyopenda kukiri, na hata baada ya kujua niliendelea. Soma mpaka mwisho. Usikimbilie kunitetea kichwani mwako, maana nakujua, utaanza kunitetea kabla hujafika nusu.

Ulikuwa na miaka kumi baba yako alipohamia Gitega, hapa hapa Kigali, kwa yule mwanamke. Wiki chache baadaye alikuja getini na boksi la viatu lililotobolewa matundu, ndani kuna kipaka cha rangi ya ng'ombe wa kahawia, ndiyo maana ulimwita Gaju. Mkono wa pili alishika mfuko wa chakula. Alikuwa amepita kwa daktari wa mifugo kule Kibagabaga akauliza mtoto wa paka hulishwa nini, na daktari akamwonyesha chakula kilichotengenezwa na watu waliosomea miili ya paka, kikapimwa kila kitu ndani yake. Baba yako alinieleza hayo kwa unyenyekevu, kama mtu anayejaribu kulipia kosa. Mimi nikasikia matusi. Mtu ameacha mke na mtoto, halafu anakuja kunisomea lishe ya paka, mimi, Mama Keza, ambaye nusu ya watoto wa mtaa huu wamekua kwa unga wangu wa uji.

Tangu hapo alikuja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mfuko mpya. Wewe ukitoka misani ulikuwa unakaa kwenye kizingiti na gauni lako la kanisa, Gaju mapajani, unangoja. Nilikuita kula, ukasema bado kidogo. Nilikununulia viatu, ukavivaa ili baba avione. Mimi niliyekupiga mswaki, niliyekesha nawe ukiugua malaria, sikuwahi kungojwa na mtu kwenye kizingiti. Kama unatafuta sababu, ni hiyo tu. Ni ndogo hivyo.

Mwezi wa nne au wa tano wa ziara hizo nilianza. Ulipokwenda shule nilimimina chakula cha Gaju kwenye ndoo, nikawapa wale kuku watatu waliokuwa nyuma ya jiko. Ndani ya mfuko ule ule nikajaza chakula cha mbwa cha bei rahisi, kile cha kupimwa kwenye gunia pale sokoni, ambacho ukikivunja unaona pumba tupu. Punje zake zilikuwa kubwa, kwa hiyo nilizitwanga kidogo kinuni zipungue, nikazinyunyizia mafuta niliyokaangia indagara, yaani dagaa, ili zinuke kama kitu. Gaju alizikataa siku mbili. Alikaa mbele ya bakuli akinitazama. Siku ya tatu njaa ilimshinda. Jioni ukanikimbilia kuniambia amemaliza bakuli lote.

Ulimlisha kwa mkono wako, Keza. Asubuhi na jioni, kikombe kimoja, ukisawazisha juu kwa kidole kama daktari alivyoagiza. Mimi nilikuwa nakutazama kutoka jikoni na nilikuwa najisikia vizuri. Nikifikiri juu ya ubaya, si siku ya kilio ninayoikumbuka, nakumbuka asubuhi zile, jinsi chai ilivyokuwa tamu. Na mayai ya kuku wale ulikuwa unayasifia.

Usiseme mama hakujua. Nilijua kuliko watu wengi. Mjomba wako Damasi unamwona alivyo mfupi, miguu imepinda. Kule Ngara bibi yako alimlisha ugali wa muhogo asubuhi na jioni, tumbo limejaa, mtoto amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu. Muuguzi alikuja nyumbani akasema mtoto anashiba lakini hali. Bibi yako alimfukuza kwa ufagio, eti binti ambaye hajazaa amfundishe kulea. Yule muuguzi alirudi mara tatu, ndiyo maana Damasi yuko hai. Hapo ndipo nilipojifunza kuchanganya soya na mtama na ngano, na kila mama anayesimama mezani kwangu sokoni namwambia maneno ya yule muuguzi, kushiba na kula ni vitu viwili. Nilikuwa nayasema mchana, jioni narudi nyumbani kutwanga chakula cha mbwa.

Ulipofika miaka kumi na miwili Gaju alianza kugonga miguu ya meza. Ulicheka, ukasema amelewa. Alikuwa anaruka kwenda dirishani anapiga ukuta chini ya dirisha, anaanguka, anajilamba kama vile alikusudia. Mboni za macho yake zilibaki wazi hata mchana wa jua kali, nyeusi, kubwa. Siku moja ulimpungia mkono karibu kabisa na uso na hakupepesa. Hapo hukucheka tena.

Tulimpeleka Kibagabaga. Daktari, yule mama mrefu mwenye miwani, alimulika macho, akasikiliza moyo kwa muda mrefu, akakuuliza anakula nini. Ukamtajia kila kitu kilichoandikwa kwenye mfuko, maana ulikuwa umekikariri. Daktari akanitazama mimi. Akakuomba umpeleke Gaju kwenye benchi la nje apate hewa.

Tulipobaki wawili alifunga mlango. Alisema, "Mama Keza, paka huyu hajala hicho chakula. Mtoto hajadanganya, naona. Sasa nani?"

Hakuningoja nijibu. Alinieleza kwamba nyama ina kitu kinaitwa taurini, na mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha, lazima akile. Mbwa hujitengenezea chake, kwa hiyo chakula cha mbwa, kwa mfano, huenda hakijawekewa. Wataalamu wanaotengeneza chakula cha paka hukipima wakakiongeza. Paka asipokipata miezi mingi, nyuma ya jicho hufa polepole na moyo hulegea na kutanuka. Alisema macho hayatarudi. "Lakini moyo tunaweza kuuwahi. Mrudishie chakula chake leo, usingoje kesho." Akanipa na pakiti ya unga mweupe wa kumnyunyizia, ile taurini yenyewe.

Alikuwa amenipa njia, Keza. Ningetoka pale nikasema chakula kimebadilishwa, nikamsingizia hata muuza duka, paka angeishi. Nilitoka nje. Ulikuwa umemshika Gaju kifuani, ukaniuliza daktari amesema nini. Nikakaa karibu yako kwenye benchi nikakushika bega.

Nikasema, "Amesema ni kile chakula anacholeta baba yako."

Sikuwa nimepanga. Yalitoka mdomoni yakiwa yamekwisha kupangwa. Ukauliza kama baba alijua. Nikasema daktari anafikiri alinunua kilichoharibika kwa sababu ni rahisi. Hukulia. Tulipofika nyumbani ukaomba simu yangu.

Nilikuwa nakoroga uji nikasikiliza. Ulisema, "Umempofusha Gaju. Usije tena kwetu." Ukakata kabla hajajibu. Nilikumiminia chai ya maziwa, nikakuwekea na andazi.

Alikuja hata hivyo, Jumapili iliyofuata, na mfuko. Mimi nilikuwa dirishani nyuma ya pazia. Ulifungua geti nusu, ukapokea mfuko, ukauchana na kuumwaga wote miguuni pake. Majirani walikuwa wanatoka misani. Baba yako alichuchumaa akaanza kuokota punje kwa kiganja, akizirudisha mfukoni, kwa sababu si mtu wa kuacha uchafu mbele ya nyumba ya watu. Ilichukua muda. Wewe ulisimama ukimtazama mpaka akamaliza. Alipoinuka alisema kitu sikukisikia, ukafunga geti.

Chakula kile kilichokuwa chini ndicho kingemponya paka wako. Kilikuwa kizuri, kipya. Ulikimwaga kwa mikono yako, na mimi niliyeweza kufungua dirisha na kusema neno moja nilinyamaza.

Baada ya hapo hukutaka kuona mfuko wowote. Uliniomba nimpikie mwenyewe. Nilimpikia uji wa unga wangu na maji ya vichwa vya samaki, na wewe ulimlisha kwa kijiko, kwa sababu alikuwa haoni bakuli. Ulisema kwa sauti ndogo, "Asante, Mama, wewe humdhuru." Ile pakiti ya daktari niliitupa. Kumpa kungehitaji kukueleza ni nini, na kila nilichokuwa nacho kwako wakati ule kilisimama juu ya kutokueleza.

Gaju alikufa miezi mitatu baadaye, Jumapili mchana. Ulimsikia akilia uvunguni, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwa mnyama. Alikuwa anajikokota kwa miguu ya mbele, ya nyuma imekufa, imekuwa baridi. Tulipanda pikipiki, wewe katikati, yeye ndani ya kitenge changu cha kijani, akakung'ata mkono njia nzima na hukumwachia. Daktari alisema damu imeganda moyoni, kipande kimeshuka kikaziba mishipa ya miguu. Alisema hakuna la kufanya ila kumpumzisha.

Kabla ya sindano alituuliza, "Ule unga mlimpa?"

Alikuwa anasema ule wa pakiti. Wewe hukujua kama kuna pakiti. Ulifikiri anasema unga wangu, na kabla sijafungua mdomo ukamjibu kwa haraka, ukilia, "Kila siku, daktari. Nilimpa mwenyewe kwa kijiko, kila siku."

Daktari alikupapasa kichwa, akasema basi ulifanya kila ulichoweza. Ukanigeukia ukanishukuru mbele yake.

Nimekaa miaka saba na shukrani hiyo. Nimeila. Imenipa binti anayenipikia Jumapili, anayenisimulia mambo ya shule, asiyewahi kutamka jina la baba yake. Watu wa sokoni wanasema nimebahatika.

Sasa kuhusu huyo paka wa Dodoma, kama baada ya haya bado utataka paka. Usimlishe nilivyomlisha Gaju. Usimpikie kwa kukisia, hata ukiwa na upendo wote duniani. Akikuzoea atakula chochote ukimpa kwa mkono, atanenepa na manyoya yatang'aa, na ndani ataharibika bila kukuambia. Tafuta chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya paka, si mbwa, na usome nyuma ya mfuko, mbele kuna picha tu. Nyuma paandikwe kwamba ni mlo kamili, unaotosha peke yake, na wa umri gani, maana mtoto, mkubwa na mzee hawali sawa. Nyama au samaki watajwe mwanzoni, si mahindi. Ukikuta cha kupimwa kwenye gunia, pita, hata kama muuzaji ni mama mwenye sura ya huruma. Mimi nina sura ya huruma. Ukibadilisha chakula, changanya kidogo kidogo kwa wiki moja. Na daktari akikueleza jambo, lisikie kwa masikio yako mwenyewe. Usikubali kutolewa nje.

Hayo nimeyajua kwa kuuliza. Baada ya Gaju kufa nilirudi Kibagabaga peke yangu, nikamwambia yule daktari nataka kujua. Alinieleza kila kitu kwa utulivu, hakunitukana, na alipomaliza akaniomba nisilete mnyama mwingine kwake. Nilikubali.

Leo asubuhi sikwenda sokoni kama nilivyokuambia. Nilikwenda Gitega. Baba yako ana kibanda cha kutengeneza cherehani kando ya barabara, nywele zote nyeupe. Nilimwambia nikiwa nimesimama, mbele ya mteja aliyekuwa anangoja mashine yake. Mteja akaelewa, akaondoka. Baba yako aliendelea kufunga skrubu moja mpaka ikakaza, ndipo akaweka bisibisi chini.

Akauliza, "Siku ile getini, wewe ulikuwa dirishani?"

Nikasema nilikuwa.

"Niliona pazia likitikisika. Nilidhani unalia."

Nikamwambia sikuwa nalia.

Akanieleza kwamba kila mwaka siku yako ya kuzaliwa alikuwa anafika mpaka pale kona ya duka la mikate, anasimama, anarudi. Alikuwa anamwogopa mtoto aliyempofushia paka. Alikuwa amemrudia muuza duka akagombana naye mbele ya watu juu ya chakula kibovu, mpaka wakaacha kusalimiana. Miaka saba ameamini. Yule mwanamke wake, ambaye sikuwahi kumwita kwa jina, alitoka na kikombe cha chai akanipa mimi kwanza, kwa kuwa hakujua nimeleta nini. Nilikipokea.

Nikamwambia nakusudia kukuandikia barua na kuichomeka kwenye begi, katikati ya nguo, uisome ukishafika. Hapo ndipo alipokasirika, ndiyo mara pekee.

Alisema, "Asome akiwa peke yake ugenini, wewe uko mbali humwoni uso? Mpe leo. Akiwa bado Kigali, akiwa bado na mahali pa kwenda."

Nikasema, "Ukinilazimisha hivyo, usiku wake wa mwisho hatalala kwangu."

Akasema, "Ndiyo."

Kwa hiyo nimeandika upesi, na utaikuta mezani, haijafichwa popote. Sikuombi msamaha humu. Kuomba ni kukupa kazi nyingine ya kunifanyia, na umenifanyia nyingi bila kujua. Wala sisemi nilikuwa na uchungu wa kuachwa. Wanawake wengi hapa Kimironko wameachwa na waume, na paka zao wanaona.

Ninachokuambia kwa kuwa nimekijua ni hiki tu, na si mafundisho. Siku ya benchi pale Kibagabaga uongo ule ulikuwa mwepesi kuliko kweli, na kila siku iliyofuata ulidai kitu kingine kutoka kwako, na mimi nikakitoa. Ulitoa paka, ukatoa baba. Mimi sikutoa chochote mpaka leo.

Begi lako kubwa nimelifunga, liko mlangoni, na tiketi iko kwenye mfuko wa mbele. Baba yako amesema hatafunga kibanda mpaka ufike, nyumba iko nyuma yake, mtu yeyote wa barabara ile atakuonyesha ukiuliza fundi cherehani. Kutoka kwake hadi stendi ya Nyabugogo ni karibu kuliko hapa, na atakusindikiza alfajiri. Nimemkubalia kwamba mimi sitakuja stendi.

Nimo chumbani kwangu, mlango haukufungwa. Ukiwa na swali, ingia uniulize, nitakujibu kweli hata likiwa baya. Usipokuwa nalo, chukua begi. Mwenye pikipiki yuko getini, nimemwambia angoje.

Mama yako